BSEP imekwenda wapi? Kutafuta hitilafu katika ramani ya protini za utando wa seli za ini

Faili la matokeo limefika. Lina protini elfu nne na ushee, mashine imefanya kazi usiku kucha bila kulalamika, na bado BSEP, ile pampu inayosukuma chumvi za nyongo nje ya seli ya ini, haimo. Au imo, lakini imejipanga na protini za mitokondria, mahali ambapo haina shughuli yoyote.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo: amesaga ini, amelizungusha kwenye sentrifuji na kuligawa mafungu, kisha amepima protini za kila fungu ili ajue zinakaa wapi ndani ya seli. Nimeupanga kwa dalili, maana dalili ndiyo unayoiona kwanza, chanzo kinajificha. Ninachosisitiza ni kimoja: kabla ya kuigusa spektrometa ya masi, ile mashine inayotambua protini kwa kupima uzito wa vipande vyake, rudi kwenye mirija. Kwa uzoefu wangu, ramani ya ini huharibika zaidi kwenye kinu cha kusagia kuliko kwenye mashine, ila mashine ndiyo husingiziwa kwa sababu ndiyo yenye skrini.

Tukumbushane jambo moja la umbile, kwani dalili nyingi zinatokana nalo. Seli ya ini ina pande mbili zisizofanana. Upande wa damu unatazama sinusoidi, na huko ndiko zinakokaa protini za kuingiza vitu ndani ya seli, kama NTCP, OATP1B1 na OCT1. Upande wa nyongo ni kijifereji chembamba kilichobanwa kati ya seli na jirani yake, makazi ya pampu za kutoa vitu nje: BSEP, MRP2 na MDR3. Viungio vya kubana ndivyo vinavyozitenganisha pande hizo. Sasa hesabu: utando wa nje wote ni kama asilimia 2 tu ya tando zote za seli ya ini. Retikulamu ya endoplazimu peke yake inachukua zaidi ya nusu, na mitokondria karibu asilimia 39. Katika zile asilimia 2, upande wa nyongo ni kama asilimia 13 ya eneo. Zidisha: unatafuta kitu ambacho ni karibu robo ya asilimia moja ya tando zote ulizozisaga. Ukiona fungu lako "safi" lina uchafu, usishangae. Shangaa likikosa.

Kabla ya dalili yoyote: daftari la mapato na matumizi

Weka kando kiasi kidogo cha kila kitu, pamoja na vile unavyovimwaga: rojo zima la ini lililosagwa, mashapo ya mzunguko wa kwanza, maji ya juu, kila tabaka la gradienti (sukrosi inayozidi kuwa nzito kuelekea chini), hata maji ya kuoshea. Halafu pima protini chache za alama katika yote. Zinatosha sita: ATP1A1 kwa upande wa damu, MRP2 au DPP4 kwa upande wa nyongo, kalineksini kwa retikulamu ya endoplazimu, COX IV kwa mitokondria, LAMP1 kwa lisosomu, GM130 kwa Golji. Jumlisha ulichokipata kwenye mafungu yote na ulinganishe na rojo la mwanzo. Jumla ikikaribia asilimia 100, una haki ya kuzungumza juu ya makazi. Ikiwa ni asilimia 40, kuna mrija ulioumwaga, na ramani yako ni ya mabaki.

Wengi huruka hatua hii kwa kuwa inaonekana kama kazi ya mhasibu. Ndiyo inayookoa miezi.

Dalili: pampu zinazojulikana hazionekani hata chembe

Swali la kwanza: ATP1A1 ipo? Kama nayo imepotea au ni dhaifu, tatizo ni utando wa nje wote kukutoroka, nenda kwenye dalili inayofuata. Kama ATP1A1 ipo ya kutosha na BSEP haipo, endelea hapa.

Mshukiwa mkuu ni kuchemsha. Mazoea ya kupasha sampuli nyuzi 95 kwa dakika tano yanafaa kwa protini zinazoelea majini. Protini inayopita kwenye utando mara 12, kama BSEP, ikipashwa hivyo hufunguka, sehemu zake zinazochukia maji zinashikana na za wenzake, na unapata donge lisiloyeyuka tena. Ukiendesha jeli utaliona kwa macho: doa jeusi limekwama kwenye tundu la juu kabisa, na pale MRP2 inapopaswa kuwa, karibu na kilodaltoni 190, pako tupu. Pasha nyuzi 37 kwa nusu saa, au usipashe kabisa. Nimeona maabara ikinunua kingamwili tatu tofauti za MRP2, kila moja ikitangazwa mbovu, na kosa lote lilikuwa kwenye kipashio.

Mshukiwa wa pili ni sabuni. Utando wa upande wa nyongo una kolesteroli na sfingomielini nyingi, na lazima uwe hivyo, kwani unaishi ukiogeshwa na nyongo ambayo yenyewe ni sabuni. Ukiuyeyusha kwa Triton X-100 kwenye barafu, ukazungusha na kutupa kisichoyeyuka, kuna uwezekano umetupa sehemu ya kile unachokitafuta. Juu ya hapo Triton huingia kwenye mashine na kuacha ngazi ya vilele vinavyopishana kwa daltoni 44, ambavyo vinafunika peptidi (vipande vya protini) zenye ishara dhaifu. SDS huyeyusha vizuri zaidi, mradi uiondoe yote kwa shanga za sumaku au kwa vichujio kabla ya kufika kwenye mashine. Mimi napenda deoksikoleti ya sodiamu: inayeyusha, tripsini (kimeng'enya cha kukata protini kuwa peptidi) inaivumilia, na ukitia asidi inaganda na kushuka chini. Ni chumvi ya nyongo hiyo, kwa hiyo unautendea utando kile ulichozoea, kwa kipimo kikubwa zaidi. Tahadhari moja tu: zile chembe nyeupe zinapoganda huweza kukamata peptidi zinazochukia maji, kwa hiyo zioshe mara moja kabla ya kuzimwaga.

Mshukiwa wa tatu ni tripsini, na hapa kuna kipimo kizuri cha haraka. Tripsini hukata baada ya lisini na arginini, na vipande vinavyopita ndani ya utando vina chache sana za hizo. NTCP ina amino asidi 349 tu na inapita utando mara tisa, hivyo inabakiwa na sehemu ndogo za kukatika vizuri. BSEP ina amino asidi 1321, pamoja na vichwa viwili vikubwa vya kushikia ATP vinavyoning'inia ndani ya seli, na hivyo vinatoa peptidi nyingi za kawaida. Kwa hiyo ukiikosa NTCP na kuiona BSEP, mlaumu tripsini: anza na Lys-C kisha tripsini, au fanya mzunguko wa pili kwa kimotripsini. Ukiikosa BSEP na kuiona NTCP, tripsini haina kesi ya kujibu. Rudi kwenye kupasha na kuyeyusha.

Halafu kuna wingi wa vitu vilivyoko njiani. Osha tando kwa kaboneti ya sodiamu ya mola 0.1 yenye pH ya 11 kwa nusu saa kwenye barafu. Mbinu hii imejulikana tangu 1982. Inageuza vifuko kuwa vipande bapa, mzigo uliokuwa ndani unamwagika, na protini zilizojishikiza juujuu zinang'oka. Ifanye baada ya kutenganisha mafungu, usifanye kabla, la sivyo hutakuwa tena na vifuko vya kutenganisha.

Dalili: fungu la utando wa nje limejaa mitokondria na retikulamu

Uchafu kiasi haukwepeki, hesabu ya pale juu inaeleza kwa nini. Tatizo ni pale kalineksini na COX IV zinapokuwa nyingi kama zilivyo kwenye rojo zima, yaani hukusafisha chochote.

Angalia kinu chako. Utando wa nje wa ini una tabia ya ajabu: ukiusaga taratibu hubaki vipande vipana, seli mbili tatu zikiwa bado zimeshikana na kifereji cha nyongo katikati. Vipande hivyo ni vizito na vinashuka pamoja na viini vya seli kwenye mzunguko wa kwanza, ule wa mara 1,000 hadi 1,500 ya mvutano wa dunia. Ukiusaga kwa nguvu, utando huohuo unapasuka kuwa vifuko vidogo vinavyobaki juu, na vinashuka mwishoni kabisa kwenye mara 100,000, vikichanganyika na vifuko vya retikulamu. Katika usagaji wa kawaida vyote viwili vinatokea kwa pamoja. Ndiyo maana ATP1A1 huwa na vilima viwili kwenye mchoro wa mgawanyo, kimoja chini na kimoja juu.

Sasa tazama itifaki nyingi zilizoandikwa kwa seli za kufugwa: hatua ya kwanza ni kuzungusha polepole "kuondoa viini" na kumwaga mashapo. Kwa ini, hapo umemwaga vipande bora kabisa ulivyokuwa navyo, kisha unahangaika kuokota makombo katikati ya retikulamu. Neville alionyesha mwaka 1960 kwamba vipande vya utando wa ini vinaweza kuvunwa kutoka kwenye mashapo hayo baada ya kusaga ndani ya bikaboneti hafifu ya milimola 1, na mbinu zilizoboreshwa miaka ya 1980 zinatumia vipande hivyohivyo. Chukua tone la mashapo, liweke chini ya hadubini ya kawaida. Vipande vya utando vinaonekana kama makaratasi yaliyokunjamana, na viini ni mipira. Ukiona mipira peke yake, umesaga kupita kiasi.

Tumia mchi uliolegea, pigo nane hadi kumi, bila kuuvuta kwa ghafla hadi ukatoa mapovu. Kalsiamu ya nusu milimola husaidia vipande visisambaratike. Soma kibandiko cha vidonge vyako vya kuzuia proteasi: vingi vina EDTA, nayo inanyang'anya kalsiamu hiyohiyo. Na rojo likianza kuvutika kama ute wa yai, viini vimepasuka na DNA imefungamanisha kila kitu. Usijaribu kuokoa kwa kuzungusha zaidi. Tia kimeng'enya cha kukata DNA, au afadhali anza upya.

Kuhusu mitokondria, tofautisha mbili. Ukiona VDAC, ya utando wa nje wa mitokondria, pamoja na COX IV, ya utando wa ndani, mitokondria nzima zimenaswa: osha mashapo mara mbili na upunguze kiasi unachopakia. Ukiona VDAC bila COX IV, ni mapande, au ni ile sehemu ambako retikulamu na mitokondria hugusana kwa kweli ndani ya seli. Hiyo kuosha hakuitoi.

Mwisho kwenye dalili hii: elesha, usizamishe. Weka sampuli chini ya gradienti ndani ya sukrosi nzito, acha tando zipande zenyewe hadi kwenye uzito wake. Madonge ya protini yasiyo na mafuta hubaki chini. Ukipakia kutoka juu, yanashuka pamoja na tando na kukudanganya.

Kama chini ya mashapo ya mara 100,000 kuna tone zito linalong'aa kama kioo, hiyo ni glaikojeni. Ini la mnyama aliyeshiba limejaa, na linaburuta vifuko. Ndiyo sababu ya kawaida ya kumfungisha mnyama usiku mzima kabla, kwa kadiri kibali cha maadili kinavyoruhusu. Lakini kumbuka kwamba kufunga nako kunabadilisha ini: linganisha waliofunga na waliofunga.

Dalili: utando wa nje ni safi, lakini upande wa nyongo na upande wa damu hautengani

MRP2 na ATP1A1 zinapanda na kushuka pamoja katika kila tabaka. Sababu ya kwanza ni ya kimwili tu. Vipande vipana vina pande zote mbili kwenye karatasi moja, vimeshonwa kwa viungio vya kubana. Havitengani mpaka uvipasue kuwa vifuko kwa mchi uliobana au kwa mawimbi ya sauti. Baada ya hapo vifuko vya upande wa nyongo huwa vyepesi na hukaa juu kwenye sukrosi, vya upande wa damu vinatua chini yake. Tofauti ya uzito ni ndogo, kwa hiyo gradienti ya haraka ya saa moja haitoshi. Iache usiku kucha. Ukipasua nusunusu, utaona kilima cha tatu katikati chenye alama zote mbili, tena chenye ZO-1 na klaudini: hicho ni kiungio chenyewe ambacho hakikukatika.

Sababu ya pili haitibiki kwa sentrifuji yoyote, na ndiyo inayowaumiza watu wengi. Seli ulizoanza nazo hazikuwa na pande. Ukitenganisha seli za ini kwa kimeng'enya cha kolajenasi, kifereji kinafunguka, mpaka kati ya pande unavunjika, na ndani ya muda mfupi protini zinaanza kuchanganyika au kuvutwa ndani. Ramani ya seli hizo inaweza kuwa sahihi kabisa, ila ni ramani ya seli iliyopoteza dira. HepG2, seli za saratani ya ini zinazofugwa maabara, nazo hujenga vifereji vichache na zina NTCP kidogo mno. Sababu hiyohiyo ilifanya watafiti wa homa ya ini ya aina B wazipandikizie NTCP baada ya kugunduliwa mwaka 2012 kuwa ndio mlango wa virusi hivyo. Unataka pande? Tumia ini zima, au seli zilizofugwa kati ya matabaka mawili ya kolajeni kwa siku kadhaa hadi vifereji virudi. Thibitisha kwa kutazama kabla ya kusaga.

Na ya tatu: muda. BSEP na MRP2 hazijapigiliwa misumari. Zinatoka na kuingia kati ya utando na vifuko vilivyo chini yake, na msongo wa oksijeni au nyongo iliyokwama huzifanya zirudi ndani. Ini lililokaa dakika ishirini kwenye sahani likisubiri mtu amalize simu si ini lilelile. Likiwa bado mwilini, lisukumie bafa baridi kupitia mshipa wa mlango hadi lipauke, likate, na uanze kusaga hapohapo. Andika dakika kwenye daftari. Sampuli zinazotofautiana bila sababu mara nyingi zinatofautiana kwenye safu hiyo.

Dalili: uliweka biotini juu ya seli, ukavua protini za ndani

Hii ni njia nyingine kabisa: badala ya kutenganisha tando, unapaka biotini (vitamini inayotumika kama lebo) isiyopenya utando juu ya seli hai, kisha unavua kwa streptavidini, protini inayonasa biotini. Kwa ini ina mitego yake.

Angalia kwanza kama juu ya orodha kuna piruveti kaboksilasi, asetili-CoA kaboksilasi, na ndugu zao wa propionili na methilikrotonili. Zikiwepo, usitafute mchawi. Vimeng'enya hivyo huzaliwa na biotini yake, ini limejaa navyo, na streptavidini haijui biotini ipi ni yako. Kwenye bloti utaviona hata kwa seli ambazo hukuzipaka chochote: bendi karibu na kilodaltoni 130, nyingine karibu na 75, na moja kubwa juu kabisa. Hicho ndicho kidhibiti chako, seli zisizopakwa, na lazima kipite hatua zote hadi kwenye mashine. Ukitumia biotini yenye daraja la salfa mbili, vua kwa DTT badala ya kuchemsha shanga: DTT inakata daraja lako na kuacha kaboksilasi zimeng'ang'ania kwenye shanga.

Zikija aktini, tubulini na vimeng'enya vya glaikolisi kwa wingi, seli zilikufa. Seli iliyokufa haina mlango, biotini inaingia na kupaka kila kitu. Asilimia 10 ya seli zilizokufa inaweza kufunika ishara ya zile 90 zilizo hai. Pima uhai kwa rangi kabla ya kupaka, siyo baada. Fanya kazi nyuzi 4 ili seli isimeze biotini. Na ikiwa hupati kitu kabisa, angalia bafa: Tris na glisini zina amini zinazoila biotini yote kabla haijafika kwenye seli. Kuna mwenzangu alipoteza wiki tatu kwa sababu chupa mbili zilikaa rafu moja.

Kisha ni kifereji. Katika seli zilizofugwa vizuri, vifereji vimefungwa. Biotini uliyoimimina juu inafika upande wa damu peke yake, na kukosekana kwa BSEP kwenye orodha si hitilafu, ni uthibitisho kwamba viungio vinabana. Unaweza kuligeuza tatizo hili kuwa kipimo: paka sahani moja kawaida, nyingine ukiwa umeiosha kwanza kwa bafa isiyo na kalsiamu yenye EGTA, ambayo inafungua viungio. Kinachoongezeka kwenye sahani ya pili ni cha upande wa nyongo.

Wanaokamata protini kwa sukari zake na kuzikata sukari hizo kwa kimeng'enya cha PNGase F wanajua kwamba asparajini iliyoachwa inakuwa nzito kwa daltoni 0.984. Wanachosahau ni kwamba asparajini inaweza kugeuka hivyo yenyewe, bila sukari yoyote, sampuli ikikaa kwenye joto na bafa yenye alkali. Fanya mkato ndani ya maji yenye oksijeni nzito (oksijeni 18), tofauti iwe karibu daltoni 3, na udai kila mahali pawe na mfuatano wa asparajini, chochote isipokuwa prolini, halafu serini au threonini.

Dalili: protini ni za ini, ila si za seli unayoidhania

Seli za ini zenyewe ni kama asilimia 60 ya idadi ya seli kwenye kiungo hiki, ingawa kwa ujazo ni karibu asilimia 80. Zilizobaki ni za kuta za sinusoidi, za Kupffer, za nyota, na za mirija ya nyongo. Stabilini-2 ikikaa vizuri kwenye "utando wa upande wa damu" wako, hiyo ni ya ukuta wa sinusoidi. Hemoglobini maana yake hukusukuma bafa ya kutosha. Albumini haina maana hiyohiyo, kwa kuwa seli ya ini ndiyo inayoitengeneza: ipo ndani ya retikulamu na Golji kwa haki yake, na ni vifuko vilivyopasuka vinavyoimwaga kila mahali.

Hata ndani ya seli za ini kwenyewe kuna mitaa. OATP1B3 ya binadamu imejazana zaidi karibu na mshipa wa kati. Sampuli ya sindano iliyochukuliwa kipande kidogo inaweza kuwa na seli nyingi za mtaa mmoja kuliko za mwingine.

Dalili: protini moja, anwani mbili

Hapa nenda polepole, maana dalili hii mara nyingi si ugonjwa. ATP7B hukaa Golji shaba ikiwa kidogo, na huhamia kuelekea kwenye kifereji shaba ikizidi. Anwani zote mbili ni za kweli. Protini nyingi za upande wa nyongo zenye mguu mmoja ndani ya utando, kama DPP4 na aminopeptidasi N, hupelekwa kwanza upande wa damu, kisha hubebwa kwa vifuko kuvuka seli nzima hadi upande wa nyongo. Ukizikuta njiani, umezikuta njiani. MRP2 na BSEP huja kwa njia fupi zaidi, kwa hiyo zikionekana kwa wingi upande wa damu, hapo shuku mchanganyiko.

Namna ya kuamua: tazama umbo la mchoro mzima, si tabaka moja lenye kilele. Protini yenye anwani mbili huwa na mchoro unaoweza kuandikwa kama jumla ya alama mbili unazozijua. Iliyochafuka huifuata alama ya uchafu kila unapobadilisha njia ya kusaga. Kwa hiyo badilisha njia ya kusaga.

Mwaka 1949 huko Leuven, Ubelgiji, Christian de Duve na wenzake walipima asidi fosfatasi katika rojo safi la ini la panya na kupata kama sehemu moja ya kumi ya walichotarajia. Wangeweza kuimwaga. Waliiacha kwenye friji, na siku tano baadaye kazi ya kimeng'enya ilikuwa imepanda: kilikuwa kimefungiwa ndani ya mfuko uliokuwa ukipasuka polepole. Mfuko huo ukapewa jina la lisosomu mwaka 1955. Kwa anayechora ramani leo funzo ni la moja kwa moja: ukipima vimeng'enya badala ya wingi wa protini, vifuko vilivyofungwa vinaficha kazi, basi pima ukiwa na sabuni na bila sabuni, uone tofauti.

Dalili: ramani inahama kila unaporudia

Kama umetumia lebo za TMT (lebo za kemikali zinazowezesha sampuli kadhaa kupimwa pamoja) na makundi yote yanaelekea kukaribiana katikati, ni mgandamizo wa uwiano: peptidi jirani zimeingia pamoja na yako na kupunguza tofauti. Tumia hatua ya tatu ya kupasua peptidi ndani ya mashine, au punguza msongamano kwa kugawa peptidi zaidi kabla. Kama hukutumia lebo na mashimo ni mengi, usiyajaze sifuri kwa mkupuo. Shimo kwenye tabaka ambako protini haikutarajiwa na shimo kwenye kilele chake ni vitu viwili tofauti.

Ukitumia programu ya kupanga makundi, kama pRoloc, itaipangia makazi kila protini utakayoipa, iwe ina makazi au haina. Weka kizingiti, na ukubali kuwa na kundi kubwa la "haijulikani". Na usikopi orodha ya alama iliyotengenezwa kwa HeLa, seli za saratani zinazofugwa maabara: seli hizo hazina kifereji cha nyongo, kwa hiyo kundi hilo halitakuwepo na BSEP italazimishwa kwenda kwa jirani wa karibu. Ndiyo ile BSEP ya kwenye mitokondria tuliyoanza nayo.

Dalili: hadubini inakataa

Ramani inasema kifereji, picha ya kingamwili inaonyesha nukta nukta ndani ya seli. Tazama kwanza umbali: vifuko vilivyo chini tu ya kifereji vinashuka pamoja nacho kwenye sukrosi, na hadubini ya kawaida ya mwanga inaweza kuviona kama nukta tofauti au kama ukungu pembeni mwake. Paka kingamwili za MRP2 na za Rab11 (alama ya vifuko vinavyorudisha protini kwenye utando) kwenye kipande kimoja. Nukta zikikaa juu ya Rab11, protini yako iko kwenye ghala la nyuma, na gradienti ndefu zaidi yenye tabaka nyembamba kati ya zile mbili ndiyo hatua inayofuata.